Kumpeleka mama Marekani: ndege ipi, saa ngapi, apitie wapi?

Mwana wa Bangwe
Wakuu habari za jioni. Nataka kumkatia mama tiketi aende Marekani kwa dada yangu, ndiyo mara yake ya kwanza kutoka nje ya nchi. Nimezunguka kwa mawakala watatu. Wa kwanza kasema safari ni saa 26, wa pili saa 29, wa tatu saa 34, na bei zao hazipishani sana. Nikaingia mtandaoni mwenyewe, nikakuta umbali kutoka Dar ni kilomita 14,600 na ushee. Ndege inakwenda kama kilomita 900 kwa saa, nikagawanya, nikapata saa 16. Sasa hizo saa nyingine kumi zinakwenda wapi? Nina Qatar, Turkish, KLM na Ethiopian mezani. Ipi fupi, na ipi haitamchosha bi mkubwa? Nataka nilipe kabla ya Ijumaa.

Mchokozi wa Mbagala
Marekani ipi mkuu? Unaandika Marekani kama vile ni Chalinze, gari likisimama tu umefika.

Shangazi Asiyelala
Hongera kwa kumkumbuka mama. Ila umetunyima habari karibu zote. Mji gani? Mwezi gani? Mama ana umri gani, anatembea vizuri? Kiingereza anakijua? Visa anayo au ndiyo mnatafuta? Bila hayo kila mtu hapa atakusifia ndege aliyopanda yeye.

Mzee wa Dirishani
Qatar. Nimemaliza.

Rula na Dira
Kilomita 14,600 kutoka Dar ni Texas hiyo, na bila shaka ni Houston. New York isingefika 13,000.

Hesabu ya mleta uzi si mbaya, ila amepima mstari ambao hakuna ndege ya abiria inayoufuata. Chukua tufe la dunia na kipande cha uzi (wa kushonea, si huu tunaoandika), shika ncha moja Dar na nyingine Houston, uvute ukaze. Utapita juu ya Kongo, unakata Afrika Magharibi, halafu bahari ya Atlantiki moja kwa moja. Ndiyo hizo 14,600. Sasa ndege ya kweli inakupeleka kwanza nyumbani kwake, maana kila shirika lina kwao: Qatar ni Doha, Turkish ni Istanbul, KLM ni Amsterdam, Ethiopian ni Addis Ababa. Nimekokotoa kwa njia hizo hizo fupi za tufe, kilomita za kukadiria:

Dar – Doha – Houston: 16,750
Dar – Istanbul – Houston: 15,700
Dar – Amsterdam – Houston: 15,400
Dar – Addis Ababa – Washington – Houston: 15,250
Dar – Nairobi – New York – Houston: 14,800

Kwa hiyo ya Doha, ambayo Mzee wa Dirishani ameimaliza kwa neno moja, ndiyo ndefu kuliko zote kwenye orodha. Unapanda kaskazini mashariki kwenda Ghuba, halafu unarudi magharibi juu ya Ulaya.

Mzee wa Dirishani
Ndefu kwenye rula yako. Kwenye kiti ndiyo fupi. Unabadili ndege mara moja tu, mara ya pili kushuka uko Houston. Hiyo yako ya Nairobi ni fupi kwa kilomita elfu mbili lakini bi mkubwa anabadili ndege mara mbili, na moja kati ya hizo ni New York. Umewahi kubadili ndege New York wewe? Kuna kitu wanaita gari moshi la uwanjani, unahama jengo moja kwenda jengine kama unahamia Kigamboni.

Kibokoni Ndani
Msiitupe ya Nairobi bure bure, waungwana. Kenya Airways inaruka Nairobi hadi New York bila kutua tangu tarehe 28 Oktoba 2018, na kabla ya hapo ilibidi nchi ipewe idhini na Wamarekani mwaka 2017, haikuwa mchezo. Kwenda ni kama saa 15, kurudi 14. Unaondoka usiku, unalala, asubuhi uko Marekani. Mimi natoka Mombasa, nimeipanda mara tatu na chakula naona sawa, chai ya maziwa inapatikana. Huko Doha mtapewa nini, kahawa ya kijiko?

Mchokozi wa Mbagala
Kwa nini kwenda 15 kurudi 14 wakati njia ni ile ile? Rubani anawahi nyumbani?

Rula na Dira
Upepo. Huko juu, kilomita kumi hivi kutoka ardhini, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda Marekani unakuvuma usoni, ukirudi unakusukuma mgongoni. Wakati wa baridi ya huko kwao ndiyo unazidi. Ya Doha hadi Houston ni kama saa 16 kwenda, kurudi inapungua saa nzima na zaidi. Ndiyo maana mtu asipime safari kwa kilomita kugawanya kwa 900. Halafu ongeza kuzunguka uwanjani, kupanda angani, kukwepa nchi ambazo anga lake limefungwa.

Mwana wa Bangwe
Samahanini wakuu, nilikuwa kazini. Ni Houston kweli, Rula umenishangaza. Visa anayo, ya miaka kadhaa. Dada anajifungua mwezi wa pili, kwa hiyo mama aondoke kama katikati ya Januari. Ana miaka 67, ana presha na magoti yanamsumbua. Kiingereza hajui, anajua Kiswahili na Kiha.

Shangazi Asiyelala
Haya ndiyo ungeanza nayo! Magoti, presha, haongei Kiingereza. Kumbe swali si kilomita. Swali ni mara ngapi atasimama peke yake mbele ya mtu asiyemwelewa.

Mbongo wa Texas
Niko Houston mwaka wa kumi na moja, nimepokea wazee wengi pale uwanjani. Sikiliza jambo moja ambalo wakala hatakwambia kwa sababu yeye anatazama bei. Marekani unagongewa uhamiaji kwenye mji wa KWANZA unaotua, si mji unaokwenda. Ukipitia Washington au New York, mama atapanga foleni ya uhamiaji huko huko, atachukua mabegi yake kwenye mkanda huko huko, apite forodha, ayakabidhi tena, apite ukaguzi upya, ndipo atafute geti la ndege ya ndani. Hata kama Dar walimwambia mabegi yamefungwa hadi Houston. Kijana wa miaka 25 anachanganyikiwa, sembuse mama wa 67 mwenye magoti.

Akija na ndege inayotua Houston moja kwa moja, iwe inatokea Doha, Dubai, Istanbul au Amsterdam, anagongewa hapa, anachukua mabegi mara moja, anatoka mlangoni, anamkuta binti yake. Kwa mama asiyejua lugha hilo linashinda saa tatu za kuokoa.

Na mwambieni wakala aandike IAH kwenye tiketi. Houston ina viwanja viwili vya abiria, hicho kiko kaskazini mwa mji na kingine, Hobby, kiko kusini. Kuna watu wameuziwa tiketi ya kuunga vipande ikamalizikia Hobby, ndugu wako IAH wanasubiri.

Kibokoni Ndani
Hapo umenishinda, nakiri. Ila kwa mtu kijana bado nasema Nairobi.

Mtoto wa Uvira
Mimi nilipita Addis mpaka Washington. Kwenda tulisimama Dublin kuweka mafuta, hakuna kushuka, tulikaa ndani tu karibu saa nzima miguu imevimba. Kurudi ndege ilikuja moja kwa moja bila kusimama. Niliuliza mhudumu kwa nini, akasema Addis iko juu sana, ndege ikiwa na mzigo na mafuta mengi haiwezi kupaa vizuri hapo.

Rula na Dira
Alikwambia kweli. Uwanja wa Addis uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, bawa halipati cha kuegemea na injini inapumua kidogo, kwa hiyo ndege inabidi iondoke nyepesi. Nairobi nayo iko juu, mita 1,600 na kitu, wao wanapaa usiku kukiwa na baridi, hewa ikiwa nzito kidogo. Dar tuko usawa wa bahari, hatuna shida hiyo, ila hatuna ndege ya kwenda.

Mchokozi wa Mbagala
Tuna Dreamliner zetu. Kwa nini ATCL isimbebe mama moja kwa moja hadi Houston tukayamaliza?

Rula na Dira
Zetu ni 787-8. Kwa makaratasi ya kiwandani inafika kama kilomita 13,500. Dar–Houston ni 14,600 bila kuhesabu upepo wa usoni. Bi mkubwa angeogelea kilomita elfu moja za mwisho. Ndege za umbali huo zipo, Singapore wanaruka hadi New York zaidi ya kilomita 15,300, karibu saa 19, lakini hizo zimetengenezwa maalumu na wanaozipanda wana fedha. Dar–Houston kwa siku ungepata abiria wangapi? Mama huyu na mimi.

Mzee wa Dirishani
Kwa hiyo tumerudi Qatar. Nilisema toka juu.

Fundi Saa wa Tandika
Qatar nzuri lakini msisahau Juni 2025, anga lao lilifungwa saa kadhaa usiku ule wa makombora, watu wakazagaa viwanja vya dunia nzima. Ukanda ule ukichafuka, Doha na Dubai vinachafuka pamoja. Mimi ningempitisha Istanbul. Saa saba hivi Dar hadi Istanbul, saa 13 hadi Houston. Safari mbili zenye urefu wa kueleweka, si moja ya saa sita na nyingine ya saa 16 umekaa kama gunia la mkaa.

Mzee wa Dirishani
Istanbul uwanja wao ni mkubwa kuliko wilaya yangu. Magoti ya mama yatakushitaki.

Nesi Mstaafu
Magoti si tatizo, dawa yake ni kiti cha magurudumu. Mwanangu, siku unapokata tiketi mwambie wakala aandike kuwa abiria ni mzee na anahitaji kiti cha magurudumu toka Dar hadi mlango wa kutokea Houston. Hakilipiwi. Faida yake kubwa wala si magoti. Anapata mtu wa kumsukuma kila kituo, kwa hiyo hapotei hata kama hajui kusoma neno moja ukutani. Nimewaambia wengi, wazee wengine wanaona aibu, wanasema mimi si mlemavu. Mwambie mama ni usafiri kama bajaji.

Kwa presha: dawa zote kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake zenye jina, pamoja na karatasi ya daktari. Asiziweke kwenye begi la chini. Amwone daktari wake wiki mbili kabla, amuulize na kuhusu soksi za kubana miguu. Kwenye ndege akatiwe kiti cha kando ya njia, si dirishani (samahani Mzee wa Dirishani), ili ainuke kila baada ya saa mbili bila kuomba ruhusa. Anywe maji. Saa za dawa afuate saa ya Dar mpaka afike, huko binti yake ndiye atamhamisha taratibu. Kuna tofauti ya saa tisa mwezi wa kwanza.

Mwana wa Bangwe
Ahsante sana mama. Hiyo ya saa tisa ndiyo imenichanganya kwenye tiketi. Moja inaonekana anaondoka Jumamosi jioni anafika Jumapili asubuhi, nikadhani ni saa 15 tu.

Rula na Dira
Hapana. Akiondoka Dar Jumamosi saa 11 jioni na safari nzima ikachukua saa 26 pamoja na kusubiri, Dar itakuwa Jumapili saa 1 usiku. Toa saa tisa, Houston ni Jumapili saa 4 asubuhi. Jua limemsubiri. Akirudi mambo yanageuka, ataona kama safari imekula siku mbili. Usitazame tarehe za kuondoka na kufika, tazama pale walipoandika muda wa safari yote.

Pancha
Kwenye mambo ya saa ngoja nitoe yangu, ingawa kwetu ni siri ya ukoo.

Mwaka ule baba mdogo anakwenda kwa mwanawe Minneapolis. Tiketi imeandikwa 04:40, tarehe 12. Aliyeipokea ni kaka yangu mkubwa, mtu wa kujua kila kitu, akaitazama akasema safari ni tarehe 12 saa nne na dakika arobaini. Tukauliza asubuhi au usiku? Akasema ndege za mbali huruka usiku, kila mtu anajua. Sawa. Tarehe 12 ikawa siku ya kuaga. Mchana tumechinja mbuzi, shehe kasoma dua, majirani wamekuja, baba mdogo kavaa koti toka adhuhuri na jua lile la Januari. Saa kumi na moja jioni tukapakia magari mawili, watu kumi na wanne, tukaelekea uwanjani. Kaka mkubwa mbele na simu sikioni, anaongoza.

Saa moja usiku tuko Jengo la 3. Yule dada wa mlangoni anatazama tiketi, anatutazama, anaitazama tena. Anasema kwa upole kabisa, baba, ndege yenu imeondoka alfajiri. Kaka akaja juu, alfajiri gani wakati imeandikwa saa nne? Dada akasema hapana kaka, hiyo 04 ni saa kumi alfajiri. Saa nne usiku ingeandikwa 22.

Hapakuwa na mtu wa kulaumu. Shirika halina kosa, wakala hana kosa, tiketi iko sahihi. Watu kumi na wanne tumesimama na begi limefungwa kamba za manila, baba mdogo na koti lake. Wakati tunakula ile mbuzi mchana ndege yake ilishavuka Sahara. Kubadilisha tarehe kulikula fedha ambayo mpaka leo haijarudi, na safari ya pili hakuagwa na mtu, alisindikizwa na mimi peke yangu kwenye bodaboda hadi stendi. Alipofika akapiga simu akasema kule saa zao wanasema kama za tiketi, wanaanza kuhesabu usiku wa manane. Akasema hawa watu wana asubuhi ya saa kumi. Kaka mkubwa mpaka leo ukitaja ndege anatoka nje.

Kwa hiyo mleta uzi, chukua tiketi, toa sita au ongeza sita, na uandike kwa kalamu nyekundu kwa Kiswahili: alfajiri, asubuhi, jioni, usiku. Na kama imeandikwa 00:50 tarehe 15, mama awe uwanjani tarehe 14 jioni. Hapo ndipo wengi wanapoangukia.

Mchokozi wa Mbagala
Nimecheka mpaka mwanangu kaamka. Mbuzi mlikula lakini.

Pancha
Tulikula. Na ya pili hakuna aliyechanga.

Shangazi Asiyelala
Mimi nimeshuhudia kama hiyo kwenye harusi. Mwaliko 10:00, nusu ya ukumbi wakaja saa nne, nusu wakaja saa kumi.

Kibokoni Ndani
Kwetu pwani wala hakuna shida hiyo, sisi siku inaanza magharibi, ukisema usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Bara ndiyo mmechanganya.

Mchokozi wa Mbagala
Mbagala ni pwani pia mzee.

Kibokoni Ndani
Mbagala ni pwani ya daladala.

Fundi Saa wa Tandika
Turudi kwenye mada. Mleta uzi hajasema kama mama anasafiri peke yake, na kama tiketi ni moja au vipande. Jambo hili ni kubwa. Akikatiwa tiketi moja toka Dar hadi Houston, ndege ya kwanza ikichelewa ni juu ya shirika kumtafutia nyingine na mahali pa kulala. Mkiunga vipande viwili vya mashirika mawili tofauti kwa sababu ni nafuu kwa dola mia, akikosa ya pili ni juu yenu. Na muda wa kuunganisha usiwe chini ya saa mbili na nusu kwa mtu wa kiti cha magurudumu. Mimi niliwahi kupewa dakika 55, nikakimbia nimeshika viatu mkononi, geti likafungwa natazama.

Lakini isiwe saa kumi pia. Hiyo ya saa 34 ya wakala wa tatu nadhani ndiyo hiyo, mama anakesha kwenye viti vya chuma.

Mwana wa Bangwe
Anasafiri peke yake. Tiketi zote nilizopewa ni moja hadi Houston. Ila hapo kwenye kuunga vipande kuna kitu sijasema, kwa sababu sikudhani ni muhimu. Mama hayuko Dar. Yuko Kigoma.

Mchokozi wa Mbagala
😂😂😂

Shangazi Asiyelala
Mwanangu! Ukurasa wa pili huu! Ndiyo unasema sasa?

Rula na Dira
Jina lako Bangwe, na Bangwe iko Kigoma, kosa ni langu, nilipaswa kujua. Ngoja nikuchekeshe kwa machungu. Kigoma hadi Houston kwa uzi wa tufe ni kilomita 13,600. Yaani mama yako, akikaa barazani kwake, yuko karibu na Houston kwa kilomita elfu moja kuliko wewe uliye Dar. Na safari yake inaanza kwa kumleta kilomita 1,070 mashariki, kinyume kabisa na anakokwenda, ndipo tuanze kuzihesabu zile 14,600.

Mtoto wa Uvira
Sisi wa ng'ambo ya ziwa tunaelewa. Mimi ili nifike Addis ilibidi nivuke mpaka kwenda Bujumbura kwanza. Mama angeweza kuvuka naye, Bujumbura ni karibu na Kigoma kuliko Dar.

Fundi Saa wa Tandika
Usimpe wazo hilo, mpaka mwingine, gari, barabara, na ikiharibika safari yuko nchi ya watu. Aje Dar kwa ndege siku mbili kabla, si siku ile ile. Ndege ya Kigoma ikiahirishwa, na huahirishwa, tiketi ya Houston haimsubiri. Alale kwako, apumzike, umfundishe mkanda na choo cha ndege.

Mwana wa Bangwe
Yeye anataka kuja na treni. Anasema ndege moja kwa safari moja inatosha.

Nesi Mstaafu
Treni ya Kigoma na magoti hayo, hapana jamani.

Mzee wa Dirishani
Mwacheni mama aje na treni, wiki moja kabla. Kilomita zake atazihisi, za angani hazihisiki.

Mbongo wa Texas
Kabla sijalala: mwandikieni karatasi moja, anwani kamili ya binti, simu yake, na sentensi chache za Kiingereza: naitwa fulani, sijui Kiingereza, nakuja kumsaidia binti yangu anayekaribia kujifungua, nitakaa miezi kadhaa, naomba mkalimani wa Kiswahili. Wa mwisho niliyempokea alitafutiwa mkalimani wa kwenye simu, wakamalizana. Na asiongope. Akiulizwa ana chakula kwenye begi aseme ndiyo. Nyama ya aina yoyote asibebe, wanaichukua. Anayeficha anapigwa faini.

Mwana wa Bangwe
Dagaa je? Dada ameagiza dagaa wa Kigoma, hilo ndilo sharti lake la kwanza, kabla hata ya mama.

Mbongo wa Texas
Dagaa wakavu wa kula nyumbani wanapita, mama awataje tu kwa watu wa forodha na wafungwe vizuri mara tatu. Vizuri, nasema. Kuna begi liliwahi kuzunguka kwenye mkanda hapa watu wakawa wanalikwepa.

Shangazi Asiyelala
Waoshwe, wakaangwe kidogo bila mafuta, wapoe kabisa, ndipo wafungwe. Harufu inapungua nusu.

Mchokozi wa Mbagala
Au abebe wa Mwanza, hawanuki hivyo.

Mwana wa Bangwe
Mkuu, wa Mwanza ni mchanga wenye macho.

Fundi Saa wa Tandika
Naomba ushahidi kwamba dagaa wa Kigoma ni bora. Mimi nimekula wote, tofauti ni bei tu.

Mtoto wa Uvira
Ndagala za Tanganyika hazina mfano. Ziwa ni lenye kina, maji masafi. Hata Bujumbura watakwambia hivyo.

Rula na Dira
Kina hicho ni zaidi ya mita 1,400, wa pili duniani baada ya Baikal. Ila dagaa hawaishi chini huko, hakuna hewa. Wanavuliwa juu juu, usiku, kwa taa.

Fundi Saa wa Tandika
Kwa hiyo kina hakihusiani na utamu. Ahsante Rula.

Mtoto wa Uvira
Sikusema hivyo.

Mzee wa Dirishani
Mleta uzi, Ijumaa imepita. Ulilipia ipi? Sema Qatar nilale.

Shangazi Asiyelala
Hajaingia tangu Alhamisi. Labda yuko stendi anapokea treni.

Kibokoni Ndani
Nami nauliza, hao dagaa wa Kigoma Mombasa wanapatikana wapi? Nimetamani.

Fundi Saa wa Tandika
Agiza wa Mwanza, watakufika haraka zaidi.